Mfuko wa Ijumaa

Hotuba kwenye kikao cha wazazi wa shule yetu ya msingi, ng'ambo ya reli, Moshi, Jumamosi moja ya Oktoba. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa ajili ya wazazi walioiomba na wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, mtendaji wetu wa mtaa, wazee wetu, wazazi na walezi, walimu wenzangu, na nyinyi watoto mliokaa kwenye majani huko nyuma: wakubwa shikamooni. Watoto, hamjambo?

Mwenyekiti ameshanitambulisha, nami nitaongeza kitu kimoja tu. Wiki iliyoisha jana mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Ndiyo maana nimekuja na hiki mkononi. Wengi wenu hamjawahi kukiona, ingawa habari za watoto wenu zimo humu ndani wiki baada ya wiki. Kinaitwa kitabu cha zamu. Mwalimu mkuu aliponiomba nizungumzie mafanikio ya shule mwaka huu, niliketi ofisini jioni mbili nikakisoma hiki pamoja na cha mwaka jana, ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa natafuta mambo makubwa ya kuwaambia. Nilichokiona ni Ijumaa, na habari yangu leo ni hiyo Ijumaa. Lakini hamtaielewa msipoijua wiki yenyewe, kwa hiyo mnivumilie nianzie Jumatatu.

Mwalimu wa zamu anafika saa kumi na mbili na nusu. Saa hiyo, kama wingu halijashuka, Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, iko wazi juu ya mapaa ya mji, unaona hata theluji inapoishia. Watoto wanaanza kuingia: huyu na fagio la chelewa, huyu na kidumu cha lita tano, dada kamshika mdogo wake mkono huku mkono wa pili umebeba madaftari ya wote wawili. Hakuna anayewaambia waende wapi. Darasa la tano wanajua uwanja wa mbele ni wao, la sita wanajua vyoo ni vyao, la nne wanakwenda bustanini. Mji huu wa Moshi umesifiwa miaka na miaka kwa usafi, tumepewa zawadi, tumeandikwa kwenye magazeti. Mimi naamini sehemu ya sifa ile ni ya hawa wanaoinama na mafagio saa moja asubuhi, wengine hawajanywa hata chai.

Saa moja na nusu napiga kengele. Mnaijua sauti yake, ile rimu ya lori inayoning'inia kwenye mti wa mgrivelia. Wanakaa mstarini, Wimbo wa Taifa unaimbwa, bendera inapanda, viranja wanapita kukagua kucha na nywele. Kisha kila mwalimu wa darasa analeta hesabu yake, nami naandika: waliopo, wagonjwa, wenye ruhusa, watoro. Nguzo nne. Naomba muikumbuke hiyo ya nne.

Katikati ya wiki kuna mengi, na siwezi kuyasema yote. Jumatano ni kipindi cha dini. Kwangu hiyo ndiyo nusu saa nzuri kuliko zote: shekhe anakaa na wake darasa la mwisho, katekista chini ya mti, mwinjilisti barazani, na kikiisha watoto wanarudi wakakaa dawati moja kama walivyokuwa. Mwezi wa nne wauguzi walikuja kuwachanja mabinti dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na nawashukuru wazazi kwa sababu hakuna aliyemficha binti yake nyumbani. Chanjo hii si ngeni kwetu. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndio ulioanza nayo kwa majaribio mwaka 2014, miaka minne kabla haijaenea nchi nzima mwaka 2018. Mabinti wa kwanza waliochanjwa hapa wengine leo ni mama, na wengine nawaona wamekaa hapa mbele yangu.

Alhamisi ni michezo, na hapo lazima nisimame kidogo, kwa sababu tunaye binti wa darasa la sita anayekimbia mita 1500. Uwanja wetu hauna mistari. Mwalimu wa michezo aliupima kwa hatua zake, akachomeka vijiti kwenye kona, na binti huyo akazunguka hivyo vijiti tangu Februari. UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ilipofika alishinda kwenye kata, akashinda kwenye manispaa, akaitwa kambi ya mkoa. Siku ya manispaa tulimwazima raba. Alipofika kwenye mstari wa kuanzia alizivua, akaziweka pembeni, kisigino sawa kwa kisigino, kama mtu anayeingia msikitini, akakimbia miguu mitupu. Nilipomwona akitoka mbele tangu mzunguko wa kwanza bila kumngoja mtu, nilimkumbuka Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, jirani zetu hapo. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, Nyuzilandi, Bayi aliongoza mbio hizohizo za mita 1500 kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Sisemi binti yetu ni Bayi. Nasema kwamba mwaka jana binti huyuhuyu alikuwa anakimbia vizuri Jumanne na Alhamisi, na Ijumaa anaomba kukaa. Mwalimu wa michezo alidhani ni uvivu. Hapo ndipo tunaingia kwenye Ijumaa.

Nimesema kitabu kina nguzo ya watoro. Ukikifungua cha mwaka jana, Jumatatu ina majina machache. Jumanne vilevile. Alhamisi majina yanaongezeka. Ijumaa nguzo inajaa, inashuka mpaka chini ya ukurasa, mahali pengine mwalimu wa zamu amegeuza karatasi akaendelea nyuma. Wiki hii hivyo, wiki ijayo hivyo, muhula mzima hivyo. Na sisi walimu tuliliona. Lilikuwa na jina kabisa ofisini, tuliliita utoro wa Ijumaa, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mwingine alisema Ijumaa ni siku ya usafi mkubwa, watoto wanakwepa kubeba maji. Mwingine alisema wazazi wanawachukua kwenda sokoni Mbuyuni kujiandaa na Jumamosi. Mwingine alisema ni mazoea tu. Tukapeleka majina kwa mtendaji, tukawaandikia barua, tukawaadhibu.

Nitawaeleza jambo nililolifanya mwenyewe. Ilikuwa Julai ya mwaka jana, ule mwezi wa baridi ambao mlima hauonekani wiki nzima. Zamu ilikuwa yangu. Jumatatu nikawatoa mstarini watoro wote wa Ijumaa iliyopita, nikawapa mafyekeo, wakafyeke majani nyuma ya vyoo. Alikuwemo mvulana wa darasa la nne, mdogo wa umbo, sweta lake limeishia viwikoni. Nikamuuliza kwa ukali: Ijumaa ulikuwa wapi? Akasema, Mbuyuni, mwalimu. Unafanya nini Mbuyuni? Akasema, nabeba mizigo. Nikaona huyo ndiye mfano wa wote, nikamwambia ashike fyekeo kama wenzake. Maneno haya yapo humu kwa mkono wangu: watoro wa Ijumaa wameadhibiwa.

Saa nne nikaenda jikoni kukagua uji, kwa sababu nayo ni kazi ya zamu. Mpishi wetu mnamjua, mama yetu huyu aliyekaa pale. Alikuwa anakoroga, hakuniangalia. Akasema, "Mwalimu, hao unaowafyekesha unawaonea. Ijumaa mimi sina uji. Mtoto aje kushinda na njaa kwa sababu gani?"

Sikumwelewa. Akaweka mwiko, akanifungulia stoo. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto. Unga unaingia Jumatatu. Jumatatu watoto wamekuja na njaa ya siku mbili za mapumziko, anawapikia uji mzito, wanarudi kuomba tena, na moyo wake haumruhusu kuwanyima. Jumatano anaanza kuongeza maji. Alhamisi ni maji yaliyopakwa unga. Ijumaa sufuria linakaa limefunikwa kifudifudi pale ukutani. Wakubwa wanavumilia. Wadogo wanalala kwenye madawati saa tano. Na wale ambao nyumbani pia hakuna kitu wanakwenda mahali ambapo mtu anaweza kubeba kiroba cha vitunguu akapewa shilingi mia mbili za mihogo.

Jioni ile nilichukua kitabu cha zamu, nikachukua na daftari la stoo la mpishi, nikavilaza kwenye meza sambamba. Wazazi wangu, ilikuwa imeandikwa. Wiki ambayo unga uliisha Alhamisi, Ijumaa nguzo ya watoro imejaa. Wiki ambayo mzazi fulani alileta unga siku ya Jumatano, Ijumaa watoto wapo. Wiki ya mgeni, tulipopika makande Ijumaa, hakuna mtoro hata mmoja wa darasa la kwanza mpaka la tatu. Tulikuwa na madaftari mawili katika vyumba viwili, hatua kama ishirini kati yake, na hakuna aliyekuwa amewahi kuyaweka pamoja. Aliyejua alikuwa mpishi, na hatukuwa tumemuuliza.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Kisha nikamwambia mwalimu mkuu, naye akaita kamati siku hiyohiyo. Namshukuru hapa mbele yenu, kwa sababu kiongozi mwingine angetafuta wa kulaumiwa.

Kwenye kikao kile tulianza, kama kawaida yetu, kuongelea pesa. Nani ataombwa, nani ataandikiwa, mfadhili gani atapatikana. Ndipo mjumbe wetu mmoja, mama anayeuza nafaka Mbuyuni, akaomba neno. Akasema, "Nyinyi unga mnao. Mnaupima kwa macho. Sisi sokoni hatupimi kwa macho, tunapima kwa sado." Sado ni lile kopo la kupimia nafaka. Akaendelea: debe moja ni sado tano, na wiki ya shule ni siku tano. Akatuangalia kana kwamba anashangaa kwa nini anatakiwa kulisema.

Basi ndivyo tulivyofanya. Jumatatu saa moja asubuhi unga wa wiki unamwagwa kwenye turubai, unapimwa kwa sado mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, mwalimu wa zamu na viranja wawili. Unagawanywa kwenye mifuko mitano iliyo sawa. Kila mfuko unafungwa kwa kamba na kuandikwa siku yake kwa kalamu ya wino mzito. Mfuko wa Ijumaa unaning'inizwa peke yake kwenye msumari wa juu, na hauguswi hata kama Jumatano tumepata wageni. Uji wa Jumatatu ukawa mwepesi kuliko ule waliouzoea. Wiki za kwanza walinung'unika, na mpishi wetu alilia kidogo, nasema kweli. Lakini Ijumaa ya pili aliwaona wanapanga foleni na vikombe vyao, akaja ofisini kuniita nikaone.

Tumekwenda hivyo mpaka leo. Hatukupata mfadhili wala hatukuongeza mchango, na unga ni uleule. Jana, Ijumaa, nilipoandika hesabu ya darasa la nne, kwenye nguzo ya watoro niliandika sifuri. Niliandika nikaifuta nikaandika tena ili ikae vizuri. Wiki inayokuja la nne wanaingia kwenye upimaji wao wa kitaifa, na wataingia wakiwa wamesoma siku tano za kila wiki. La saba walifanya mtihani wao Septemba, matokeo yatakuja yenyewe wakati wake. Binti yetu wa mbio Ijumaa hizi haombi tena kukaa.

Na yule mvulana wa Mbuyuni yuko darasa la tano. Nilimfuata mama yake nyumbani nikamwomba radhi. Mama akasema hakuna neno, mwalimu. Nikaona haitoshi, kwa sababu aliyefyeka majani si mama. Jumatatu iliyofuata nikamtoa mstarini tena, mahali palepale nilipomtoa mwanzo, nikamwomba radhi mbele ya wenzake wote. Alinyoosha mkono kunipa, akainamisha kichwa. Sijui kama nilifanya sawasawa kumsimamisha vile mbele za watu mara ya pili. Lakini walioona kosa walistahili kuona na radhi.

Sasa naomba tufanye hesabu pamoja. Hii niliwapa la saba ubaoni mwezi wa nane, na walinyamaza walipofika mwisho. Kalenda ya serikali inatupa siku 194 za masomo kwa mwaka. Gawanya kwa tano, ni kama wiki 39. Mtoto anayekosa siku moja tu kila wiki amekosa siku 39 kwa mwaka, yaani karibu wiki nane za shule. Zidisha kwa miaka saba: siku 273. Mwaka mzima wa masomo ni siku 194. Kwa hiyo yule mtoto wa Ijumaa, ambaye hakufukuzwa wala hakuacha shule, ambaye jina lake liko kwenye rejesta tangu la kwanza mpaka la saba, amekosa mwaka mmoja kamili na siku 79 juu yake. Anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa amesoma miaka mitano na nusu, amekaa na mwenzake aliyesoma saba, wanapewa karatasi moja.

Na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unakwenda na sera inayoweka elimu ya msingi kuwa miaka sita. Kwa hawa wadogo wetu ni wiki kama 234 tu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Nawaomba wazazi wa la kwanza na la pili mlichukue hilo kwa uzito. Muda umepungua kwa mwaka mzima, na kila Ijumaa imepanda bei.

Niseme na suala la pesa, kwa uwazi, kwa sababu najua linaongelewa mtaani. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Sisi tunalifuata hilo. Serikali inaleta ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ni za vitabu, na 6,000 ndizo zinazofika kwenye akaunti ya shule. Gawanyeni 6,000 kwa siku 194. Ni shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, na humo humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa dawati na mpira wa miguu. Andazi moja halipatikani kwa shilingi 31. Kwa hiyo uji ni wetu sisi, nyinyi na sisi walimu tunaoishi hapa. Mababu zetu huko migombani walichuma kahawa, wakapeleka kwa chama chao cha ushirika, na pesa ya kahawa ikanunua sare na karo za watoto. Leo karo haipo. Kilichobaki ni kikombe cha uji.

Kamati inapendekeza debe moja la mahindi kwa mtoto kwa muhula. Ni hiari, na mwenyekiti atalifafanua akisimama. Mimi nataka kusema na yule ambaye debe hana. Usijifiche. Usimkataze mtoto kuja kwa sababu unaogopa ataulizwa. Hataulizwa, na hakuna kikombe kitakachopita juu ya kichwa cha mtoto kwenda kwa mwenzake. Mwenye kihamba, shamba la migomba, huko juu alete mkungu wa ndizi mshare, tutajua la kufanya nao. Mwenye nguvu aje kupasua kuni. Kuna baba mmoja hapa, dereva wa bodaboda, hana shamba wala mahindi. Kila Jumatatu anapeleka mahindi yetu mashineni na kurudisha unga bila kuchukua nauli, na hajawahi kukosa. Wiki tatu mfululizo humu imeandikwa: unga umefika saa moja kasoro.

Na mama unayeuza sokoni, ambaye Ijumaa unamwacha binti yako mkubwa nyumbani amshike mdogo, nami nakusemesha kama mama mwenzako. Najua ukienda na mtoto mgongoni huwezi kushusha mizigo. Najua hiyo pesa ya Ijumaa ndiyo inayowalisha wote. Sikuletei barua. Njoo uniambie. Bibi anayekaa nyuma ya uzio wetu, ambaye wote tunamwita bibi, amekubali kuwashika wadogo wawili watatu asubuhi ya Ijumaa, na tayari mabinti wawili wamerudi darasani kwa njia hiyo. Nikijua mapema, naweza kutafuta. Nisipojua, naandika mtoro, na nimeshawaeleza nilichofanya nilipoandika bila kujua.

Nimeambiwa muda wangu unakwisha. Nina jambo moja la mwisho, nalo halihitaji maneno yangu.

Mwaka ulipoanza, katika darasa la pili tulikuwa na watoto ambao hawakuweza kuunganisha silabi. Si kwamba ni wazito. Mwalimu wao alipofuatilia, wengi walikuwa ni wale wa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ya kurudia silabi za wiki nzima. Jumanne wanakutana na herufi mpya, Ijumaa wangezirudia, hawapo. Jumatatu darasa limeshasonga mbele. Mtoto anabaki na vipande vipande vya alfabeti, kama shanga zisizo na uzi. Mwalimu wa la pili, ambaye hapendi kusifiwa na ndiyo maana amekaa nyuma ya nguzo, aliwakusanya kila siku baada ya uji, robo saa, chini ya jakaranda ile inayochanua sasa. Alitumia visoda vya chupa za soda, kila kisoda kimeandikwa silabi moja. Anawamwagia chini, wanatafuta, wanapanga. Ba, na, na, wanaleta "banana", mwalimu anacheka, anawaambia tafuteni tena. Nilipita siku moja mwezi wa sita nikamkuta mtoto amelala kifudifudi kwenye udongo, kidevu chini, macho karibu na visoda vyake. Amepanga m-go-mba. Aliuangalia muda mrefu. Kisha akageuza kichwa, akauangalia mgomba wa kweli ulioko kwenye uzio wa bibi, akarudisha macho kwenye visoda. Akausoma kwa sauti ya chini, kama anayejihakikishia. Halafu akanyanyuka mbio kwenda kumvuta mwenzake aje aone.

Ni mtoto wa kike, na mama yake yupo hapa. Nimeshaongea nao wote wawili, wamekubali.

Kila Ijumaa mwalimu wa zamu anasoma taarifa yake mstarini kisha anamkabidhi kitabu mwenzake. Jana sikuisoma. Nimeiweka kwa ajili ya leo, nimeiandika kwa herufi kubwa, na si mimi nitakayeisoma. Nakabidhi zamu hapa mbele yenu. Jumatatu saa moja asubuhi tutapima unga, na anayetaka kuona akaribie.

Njoo, mwanangu. Simama hapa, watu wakuone. Kitabu ni kizito, nitakushikia. Anzia juu, hapa palipoandikwa "Ijumaa".